Mkwe Chini, Mama Mkwe Juu

Deusdedit, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu juzi akiwa Bukoba mjini. "Mama mdogo," akasema, "ile ngazi yenu wameivunja." Alisema kama mtu anayetoa habari za mvua. Nikamuuliza ngazi ipi, ingawa nilikwisha kujua. Akasema nyumba yote imeshushwa, eneo limezungushiwa mabati, na mawe ya ngazi yamerundikwa pembeni yakingoja mwenye shida ya msingi aje kuyachukua. Deusdedit alibebwa mgongoni juu ya mawe hayo kabla hajajua kusimama, kwa hiyo hayamdai kumbukumbu yoyote. Sikulia. Mawe ni mawe, na mimi si mtu wa kulilia ukuta. Lakini nilikasirika, na mtu wa umri wangu akikasirika hana pa kuipeleka hasira yake, basi nikaketi mezani nianze kuandika kuhusu ule mwaka nilioishi juu ya ngazi ile, na hasa kuhusu wiki moja ambayo mama yetu aliishi juu yake na shemeji yangu akaishi chini yake.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao serikali ilizichukua nyumba za ghorofa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimekuja kutoka kijijini kwetu Kanazi kujifunza ushonaji kwa masista, na nilikaa na dada yangu Leokadia na mumewe, Projest, ambaye alikuwa karani katika ushirika wa kahawa. Tulikuwa na chumba kimoja kikubwa juu ya duka la zamani la Kihindi, chenye dari ya mbao na dirisha lililoliona ziwa kwa ubavu. Mkeka wangu ulikuwa nyuma ya pazia la kanga. Jiko la mkaa lilikaa nje, pale ngazi inapoishia, kwa hiyo kila aliyetutembelea alipokelewa kwanza na harufu ya chungu: ndizi na maharage siku nyingi, ndizi na samaki mkavu Leokadia akiwa na furaha, na msimu wa senene ukifika, panzi hao wa kukaanga. Siku za mvua harufu nyingine ilipanda kutoka kwenye mbao za sakafu, harufu ya kahawa ya zamani, kwa sababu chumba chetu kilikuwa ghala kabla hakijawa chumba. Mpaka leo nikinusa kahawa mbichi iliyopata unyevu nasikia njaa.

Historia ya ngazi niliipata kwa Mama Rehmat, mjane wa Kihindi aliyekaa chini, katika vyumba viwili nyuma ya duka. Alizaliwa pale pale Bukoba na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wetu wa siku hizi. Nyumba ilikuwa ya marehemu mumewe, na kabla yake ya baba mkwe wake. Mwaka ule alikuwa akiilipia kodi kwa serikali kama sisi, naye aliniambia huku akikanda unga wa chapati, bila uchungu wowote niliouona: "Binti, mimi nimehamishwa bila kuhama." Alisema baba mkwe wake aliagiza mawe kutoka ufukweni, akayachonga, na nia yake ilikuwa kujenga ngazi pana ya kupitisha wapagazi wawili wenye magunia. Mkewe akakataa. Ngazi pana ingekula ua wake mdogo, alipoanika pilipili na kufuga kuku. Waligombana msimu mzima wa kahawa. Mwisho mzee akajenga ngazi nyembamba kama ilivyokuwa, upande mmoja ukuta wa nyumba, upande wa pili kiukuta kifupi cha kuzuia mtu asianguke uani. Wapagazi walipanda mmoja mmoja, na magunia yao yalilisugua jiwe moja la ukutani usawa wa bega mpaka likang'aa. Nilikuwa napitisha kiganja pale kila nikipanda. Kulikuwa na kipandio kimoja cha saruji katikati, kwa sababu jiwe lake lilipasuka gunia lilipodondoka, na Mama Rehmat alijua jina la aliyedondosha na kijiji chake na hata alikuwa amekunywa nini.

Kwa wembamba huo, ngazi ilikuwa na sheria yake. Anayepanda hupaza sauti akiwa chini, "Napanda!" na wa juu hungoja. Anayeshuka naye husema, "Nashuka!" Hakuna aliyetufundisha, unaipata siku ya kwanza unapogongana na mtu mwenye ndoo ya maji. Wauza samaki waliijua, fundi viatu aliyekaa kipandio cha chini kwa ajili ya kivuli aliijua, na padri alipokuja kubariki chumba alisimama chini na kanzu yake nyeupe akapaza sauti, "Napanda!" tena kwa heshima zote. Wasioijua walikuwa wageni tu.

Sasa niseme lililotusumbua. Katikati ya mwaka Projest alirudi kutoka kwenye mkutano na uso uliong'aa kuliko lile jiwe. Chama kilikuwa kinafungua kijiji cha ujamaa upande wa Muleba, na yeye alikuwa ameombwa awe miongoni mwa wa kwanza kuhamia. Alikubali pale pale. Alikuwa mtu mwema, niliwahi kumwona akimpa mlevi koti lake, lakini alikuwa na tabia ya kukubali mambo mbele ya watu halafu kuja kuyaeleza nyumbani. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akimweleza Leokadia jioni ile: trekta, zahanati, shule, shamba la pamoja, na kila mtu mzima kupewa sehemu yake ya kujenga na kupanda, mwanamke hali kadhalika. Leokadia alikuwa akimnyonyesha Deusdedit. Aliuliza swali moja tu: "Ni kwenye rweya?" Projest akasema ndiyo, ni kwenye rweya, lakini rweya si laana.

Asiyetoka kwetu hatalielewa swali lile mpaka aelezwe. Rweya ni uwanda wa nyasi tupu ulio kati ya kijiji na kijiji. Pale ng'ombe hulisha na upepo hupita, na udongo wake ni wa mchanga na mawe. Mhaya haishi rweya. Mhaya anaishi kwenye kibanja, ndani ya migomba iliyopandwa na babu na kulishwa majani na samadi mpaka udongo ukawa mweusi. Humo ndimo kahawa ilimo na makaburi yamo. Kumwambia mwanamke wa Kanazi kwamba bintiye anaenda kuishi rweya ilikuwa sawa na kumwambia anaenda kulala barabarani. Habari zilifika Kanazi kabla sisi wenyewe hatujazizoea, na lori la Muleba lilikuwa lije Jumamosi.

Mae, ndivyo tulivyomwita mama, kama marehemu baba tulivyomwita Tata, alikuja Jumanne asubuhi. Hakuwahi kufika pale juu hata siku moja, na sababu yake inajulikana kwa kila mtu wa rika langu: kwetu wakati ule mama mkwe na mume wa bintiye hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani. Wakikaribiana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Mae alikuwa amepiga hesabu kwamba saa ile Projest yuko kazini. Hakujua kwamba wiki ile alikuwa ameaga ushirika na yuko nyumbani akifunga vitu. Wala hakuijua sheria ya ngazi, na hata angeijua, mwanamke mwenye adabu zake hapigi kelele kwenye nyumba ya mkwewe. Basi akapanda kimya, mkungu wa ndizi kichwani, macho kwenye vipandio. Projest naye, kwa haraka zake, akashuka bila kusema neno. Mimi nilikuwa juu napuliza jiko. Niliwaona wakikutana penye kile kipandio cha saruji.

Mae aliona viatu kwanza. Akavuta kanga usoni kwa mkono mmoja, mkungu ukayumba, akageukia ukutani. Projest akafunika macho kwa viganja viwili kama mtoto. Kupishana haikuwezekana bila kugusana. Mae kurudi kinyumenyume na mzigo ule kichwani ingekuwa kujiua. Projest kurudi juu ilikuwa rahisi, lakini juu ni chumbani, na Mae ndiko alikokuwa anaenda, wangekuwa wamejifungia pamoja. Walisimama hivyo mpaka Mama Rehmat akatoka uani na kuuliza kwa Kihaya kumetokea nini. Ndipo Projest, karani wa ushirika, mtu wa mikutano, akapanda juu ya kiukuta, akaruka. Alitua kwenye kuni za Mama Rehmat, kuku wakatawanyika, na kifundo cha mguu wake kikateguka tukasikia wote. Mae akamalizia kupanda, akatua mkungu, akakaa mkekani. "Huyo mtu ameumia?" akaniuliza. Nikasema ameumia. "Ana adabu," akasema, na siku ile hakumsifu kwa jingine lolote.

Mguu ulivimba kama kibuyu. Mama Rehmat alimlaza Projest kwenye chumba chake cha mbele, akamfunga manjano na mafuta ya moto, akasema hatapanda ngazi wiki hiyo. Mae juu akasema hashuki mpaka ashuke na Leokadia na mjukuu, kwenda Kanazi. Basi tukawa na mkwe chini na mama mkwe juu, na mlo mmoja uliopikwa juu na kugawanywa: sahani ya Mae hatua mbili tu kutoka jikoni, sahani ya Projest mpaka chini, ifunikwe, isipite mbele ya Mae ikiwa wazi. Mimi na Leokadia tulipanda na kushuka mpaka magoti yakalalamika. Mama Rehmat hakushangaa hata kidogo. Aliniambia yeye mwenyewe alifunika kichwa mbele ya baba mkwe wake miaka yote, na mzee alipokufa aligundua hakuwa anaijua rangi ya macho yake.

Mashauri yalianza Jumatano. Mae alikaa juu, mgongo ukiielekea ngazi. Projest alikaa chini mlangoni kwa Mama Rehmat, mguu kwenye kigoda, naye akautazama ukuta. Mimi niliwekwa katikati, kwenye kile kipandio cha saruji, kwa sababu maneno yao hayakuruhusiwa kukutana bila mtu wa kuyabeba. Walisikiana vizuri sana. Fundi viatu alisikia, wauza samaki walisikia, nadhani ziwa lilisikia. Lakini bila mimi kurudia, hakuna aliyejibu. Kuna wakati nilikuwa na ndizi mdomoni na pande zote mbili zikangoja nimeze.

"Muulize huyo mtu," Mae akasema, "kuna mgomba gani umewahi kuota rweya?"

"Anauliza kuna mgomba gani umewahi kuota rweya."

"Mwambie mzazi," Projest akajibu, akitanguliza neno letu la heshima, "waitu, hakuna aliyewahi kuupanda."

"Anasema hakuna aliyewahi kuupanda."

"Muulize kwa nini anadhani hakuna aliyewahi."

Chini fundi viatu akacheka, akajifanya anakohoa. Projest akaja na trekta. Mae akauliza trekta linazaa nini. Projest akaja na zahanati na shule ya mtoto, na hilo Mae hakulidharau, maana alizika watoto wawili kabla yangu kwa kukosa zahanati. Kisha akasema yale aliyokuja kuyasema: "Mwambie, mimi sikatai ujamaa. Aende akajenge, Mungu ambariki. Akishapata migomba, aje amchukue mke wake. Mpaka hapo, Leokadia anarudi nyumbani kwenye kibanja." Nikarudia. Projest akasema mume na mke ni kitu kimoja. Mae akasema basi kitu hicho kimoja kikae Kanazi. Ilikwenda hivyo Jumatano, ikaenda hivyo Alhamisi, na nikaanza kukosa masomo kwa masista, na sista mkuu alipouliza nilimwambia nyumbani kuna kesi. Niliogopa sana siku zile. Leokadia ndiye aliyekuwa nyumba yangu. Akienda Kanazi mimi ningerudi naye, na cherehani ingebaki ndoto. Akienda Muleba ningebaki na nani?

Katika siku zote hizo Leokadia hakuulizwa neno. Alimenya, akapika, akafua nepi, akapita katikati yetu na mtoto mgongoni akisema "Napanda" na "Nashuka" kwa sauti ya kawaida, na maneno yao yalikatika ili yeye apite kisha yakaendelea. Nilidhani hana la kusema. Alikuwa mpole, watu wapole hudhaniwa hivyo. Ijumaa mchana alishuka na sahani ya mumewe, akapanda, na alipofika nilipokaa akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, "Sogea, bojo." Nikasogea. Akakaa pale kwenye saruji, Deusdedit mapajani, akaanza kuzungumza bila kumtazama yeyote.

"Mae, kibanja cha Kanazi ni cha nani?"

Mae akasema ni cha kwetu.

"Ni cha kaka," Leokadia akasema. "Tata alipokufa wazee walikaa wakampa kaka. Ni haki, ndiyo desturi, sigombi. Lakini wewe umekilima tangu ulipoolewa, na leo ukikata mkungu unamwambia kaka kwanza. Hata huo uliokuja nao, ulimwomba. Nikirudi nitaomba kwa nani? Kwa mke wake."

Kisha akageuza uso kidogo kuelekea chini. "Na wewe Projest. Ulisema kila mtu mzima atapewa sehemu, mwanamke hali kadhalika. Ulilisema ndani. Liseme hapa, Mae alisikie. Pale nitakapopanda migomba, ni pa nani? Ukinikasirikia, ni pa nani? Ukifa, ndugu zako wakija, ni pa nani?"

Mae akasema kwa ukali, "Leokadia!" maana mwanamke hataji kifo cha mumewe kwa mdomo wake. Leokadia hakuomba radhi. Projest aliushusha mguu wake kutoka kwenye kigoda. Nilimwona kutoka pale nilipokuwa, na niseme haki yake, hakuwa anatafuta maneno ya mkutanoni. Alikuwa na hofu. Kusema vile mbele ya mama mkwe si kusema mbele ya mkewe; lilikuwa neno lisilorudishwa. Mwisho akasema, "Ni pake." Kisha, kwa kuwa hakuna aliyebeba neno lile, akaniita kwa jina na kusema, "Paskazia, mwambie mzazi. Ni pa Leokadia. Hata nikifa."

Nikapanda vipandio vichache, nikamwambia Mae. Alikuwa ametupa mgongo bado, na mabega yake nilidhani yanalia, lakini alipogeuka macho yalikuwa makavu. Alinitazama mimi kana kwamba mimi ndiye ninayehama. Halafu akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeagiza kazi ya shamba:

"Mwambie huyo mtu asichimbe mashimo mafupi. Rweya ina jiwe chini. Achimbe mpaka asimame ndani shimo limfike kiunoni. Atie samadi mpaka majirani wamcheke. Na miche asiichukue kwa watu asiowajua. Aje Kanazi alfajiri, ataikuta imewekwa njiani."

Nikarudia yote. Projest akasema amesikia.

Lori lilikuja Jumamosi likaondoka nao. Projest alipandishwa kwanza, na Mae alingoja juu mpaka dereva alipowasha injini ndipo akashuka, akamfunga Deusdedit mgongoni kwa mamaye kwa mikono yake mwenyewe, akaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani. Mimi nilibaki. Mama Rehmat alinipa kona kwenye chumba kile kile alicholala shemeji, nikamaliza ushonaji, na mwaka uliofuata yeye naye akaondoka kwa meli kwenda Mwanza kwa mtoto wake, na sikumwona tena. Miaka mingi baadaye nilinunua kiwanja changu Nyanga, na muuzaji aliponiuliza aandike jina la mume wangu au la kaka yangu nilimtajia langu bila kupandisha sauti. Shamba la pamoja la Muleba lilidumu misimu michache, trekta liliharibika likabaki kuwa kiota cha kuku, na wengi wakarudi kwenye vibanja vyao. Leokadia hakurudi. Hakuwa na cha kurudia.

Migomba yake ilichukua muda. Mkungu wake wa kwanza ulifika Kanazi kwa basi, mdogo, vidole vimebana, nami nilikuwa nyumbani siku ile kwa likizo. Mae aliuweka uani kwenye majani ya mgomba, akauzunguka, akaketi kuumenya. Kwetu chakula kinachotoka kwa binti aliyeolewa huitwa kwa jina la mumewe. Hakuna njia nyingine ya kukiita. Jirani akapita, akausifu kwa adabu kama inavyopasa kusifu mkungu mdogo, akauliza ni wa kwa nani.

"Wa kwa Leokadia," Mae akasema.

Jirani akasimama, akingoja atajiwe mwanamume. Mae akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.